Makali Kwangu, Mpini Kwako

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa!

Pakawa!

Aliyeshiba asinzie, mwenye njaa asikilize!

Tunasikiliza, bibi!

Ngojeni kwanza. Nakijwa, weka kisu hicho chini. Usijifanye hujui, nimekuona. Umempa mwenzio kisu cha kumenyea mihogo huku ncha inamtazama tumboni. Na wewe Togolai umekidaka hivyo hivyo, kwa kiganja kitupu, unachekacheka. Basi leo mihogo itachelewa kuiva, maana lazima mumsikie Nanzia. Songeeni karibu na jiko. Atakayekoroma simrudii.

Basi, palikuwa na mji mmoja mlimani, mji wa warina asali. Mashamba yalipoishia, msitu ulianzia hapo hapo, mnene, wenye ukungu hata mchana. Katika mji huo alikuwepo mama mjane na watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa msichana, jina lake Nanzia. Mdogo alikuwa mvulana, jina lake Sengondo. Baba yao alipokufa aliwaachia mizinga ya nyuki ndani ya msitu, na asali ya mizinga hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi yao, nguo yao na unga wao.

Siku moja mama akasema, "Wanangu, magoti yangu hayapandi mlima tena. Mwaka huu mizinga ya baba yenu mtairina ninyi. Piteni kwa mhunzi kila mmoja achague kisu chake, kisha nendeni moja kwa moja msituni. Msirudi nyumbani kwanza, asali haingoji."

Maana katika mji ule hakuna aliyeingia msituni bila kisu. Si kwa maringo. Mvua ikikunyeshea, kisu ndicho kinachokukatia fito za kibanda. Kuni zikilowa, kisu ndicho kinachozichonga mpaka ufike kwenye kiini kikavu kinachoshika moto. Ukipata kiu, kuna kamba za msituni zina maji ndani, na kamba haikatwi kwa meno. Mtoto wa mji ule aliweza kwenda msituni bila viatu, bila shuka, hata bila chakula. Bila kisu, hapana.

Basi wakafika kwa mhunzi, Mzee Mrutu, mzee mweusi kwa masizi mpaka kope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mama yenu ameshaniambia."

Akatandika ngozi ya mbuzi chini, akapanga visu. Virefu, vifupi, vyembamba, vinene.

"Sikilizeni," akasema. "Kisu cha msituni hakichaguliwi kwa macho. Shika, gonga, chungulia. Shika uone kama kinajaa kiganjani. Gonga kwenye jiwe usikie. Kikilia ngiii, ni kizima. Kikilia kwa-kwa, kina ufa ndani. Kisha chungulia kitako cha mpini. Utafute msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mti. Ukiuona umetokeza nyuma, chuma na mpini vimeshikana. Usipouona, jua umeishia njiani."

Sengondo akakaa chini. Akashika, akagonga, akachungulia. Akaweka. Akachukua kingine. Akashika, akagonga, akachungulia. Mwisho akachukua kimoja kifupi, mgongo mnene, cheusi kwa moto, mpini wake mti mtupu. Kibaya! Hata Nanzia alicheka.

"Hicho ni kisu au ni kipande cha jembe?"

"Kimelia vizuri, dada," Sengondo akasema. Lakini macho yake yalikuwa kwingine. Yalikuwa kwenye kisu alichokwisha kukitwaa dada yake.

Kisu hicho, wanangu! Kirefu, chembamba, kimeng'arishwa mpaka Nanzia akajiona meno. Mpini wake umezungushiwa waya wa shaba kuanzia juu mpaka kitakoni.

"Mjukuu wangu," mhunzi akasema, "hicho nimekifua kwa ajili ya kuchezea ngoma za harusi. Umekishika?"

"Nimekishika, babu."

"Umekigonga?"

"Kinang'aa, babu."

"Umekichungulia?"

"Shaba imefunika."

Mzee Mrutu akavuta pumzi. Yeye hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Akasema, "Haya. Mkono ni wako."

Akachukua visu vile viwili akavitumbukiza ndani ya maji ya kupozea chuma, akalitaja jina la Sengondo juu ya kimoja na jina la Nanzia juu ya kingine. Maji yakachemka bila moto. Hapo watoto wakajua kwamba mambo ya mzee huyu si ya nyundo peke yake.

"Sasa visu vinawajua," akasema. "Mkitaka kuazimana, azimaneni kwa kweli, vitakata. Lakini kisu changu kikishikwa kwa uongo, hulala. Na kikilala, hata ukikinoa mpaka jiwe liishe, hakiamki. Kata siku zote ukielekeza makali nje, mbali na mwili wako. Usichimbie wala usibandulie kitu. Ukimaliza kazi, kirudishe kwenye ala yake. Na namna ya kupeana mnaijua?"

"Tunaijua, babu."

"Nionyesheni."

Watoto wakaonyesha. Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: anayetoa kisu hukishika yeye upande wa makali, kwa mgongo wa kisu, akamwelekezea mwenzake mpini. Husema, "Makali kwangu, mpini kwako." Anayepokea hushika mpini taratibu na kujibu, "Nimepokea, hujaumia." Ndivyo ndugu walivyopeana, ndivyo mke na mume walivyopeana. Na mtu usiyemwamini? Huyo hukumpa mkononi. Ulikiweka kisu chini, ukarudi nyuma, akaokota mwenyewe, na hakuna aliyesema neno. Watu wa mji ule waliweza kutukanana asubuhi wakasahau jioni. Lakini kuwekewa kisu chini, mtu alikuwa halisahau.

Basi wakaenda.

Wakaingia msituni, wakatafuta mahali pakavu, wakajenga kibanda. Kisu cha Sengondo kikakata fito, kikachonga kuni, kikachuna gamba la mti la kusokotea kamba. Kisu cha Nanzia kikang'aa. Kikikata fito, kilipinda. Kikichonga kuni, kiliteleza. Nanzia akawa anakifutafuta kwa upindo wa kanga na kusema, "Bado kipya hiki, hakijazoea."

Jioni Sengondo alikuwa akikitazama kikiwakawaka kwenye mwanga wa moto. "Dada, nishike kidogo tu?"

"Utakichafua."

Siku moja Sengondo alikwenda kuteka maji, Nanzia akabaki peke yake na mzinga mmoja wa zamani. Mfuniko wake ulikuwa umegandamana na nta ya miaka mingi. Alitakiwa kuufukiza moshi, aulainishe, angoje. Nanzia akasema, nani angoje? Akachomoa kisu chake, akachomeka ncha kwenye upenyo, akabandua.

Ka!

Mkononi kukabaki mpini. Kisu chenyewe kilikuwa kimechomeka mzingani. Nanzia akakivuta, akakiangalia. Msuka wake ulikuwa mfupi kama ukucha wa kidole gumba. Ile shaba yote ilikuwa inafunika mti mtupu.

Angesema. Mnanisikia? Angemngoja mdogo wake arudi na maji, angemwambia, "Sengondo, nimevunja kisu changu, nilibandulia mzinga." Wangecheka, wangetumia kimoja, wangerudi nyumbani. Lakini Nanzia alikumbuka alivyomcheka mwenzake. Kipande cha jembe! Uso ukamchoma. Akachukua nta ya mzingani, akaiyeyusha kwenye makaa, akaimimina ndani ya mpini, akaushindilia msuka humo. Nta ikapoa. Akafuta. Kisu kikang'aa kama kwanza, na mtu asingejua.

Sengondo aliporudi, Nanzia akamwambia kwa sauti tamu, "Mdogo wangu, wewe unakipenda sana kisu changu, sivyo?"

"Nakipenda, dada."

"Basi tubadilishane. Nakupa kiwe chako kabisa."

Sengondo akaweka kibuyu chini, maji yakamwagika asijali. "Kweli, dada? Kweli unanipa?"

"Kweli."

Nanzia akashika upande wa makali, akamwelekezea mpini ule wa nta.

"Makali kwangu, mpini kwako."

"Nimepokea, hujaumia," Sengondo akajibu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Halafu naye akampa dada yake kile kisu chake cheusi, na maneno yale yale.

Nanzia alipokishika tu kisu kile, kikalala. Alikijaribu kwenye jani la mgomba mwitu, hakikukata. Akakijaribu kwenye uzi, hakikukata. Akakinoa kimya kimya nyuma ya kibanda, hakikukata. Akakificha kwenye ala. Jioni wakaketi kula. Kila aliponyanyua macho, alimwona mdogo wake akikifuta kisu cha shaba kwa kiganja, polepole, asikikwaruze.

Nakijwa, ungekuwa wewe ungesema? Usinijibu haraka.

Asubuhi Nanzia aliamka akiwa amekata shauri. Atasema wakishakunywa uji. Wakanywa uji. Akasema moyoni, nitasema tukifika kwenye mzinga wa kwanza. Wakafika. Akasema moyoni, nitasema akishuka.

Sengondo akapanda mtini, kisu cha shaba kikining'inia kiunoni.

Sasa, ndani ya msitu ule kulikuwa na zimwi. Lilikuwa na nywele ndefu, na nywele zake zilikuwa mizizi. Lilikaa bondeni, likazitambaza nywele zake chini ya ardhi na juu ya miti, likinusa. Halikunusa nyama. Lilinusa watu wanaofichana jambo, maana watu wa namna hiyo huwa hawaangaliani, na ni rahisi kumchukua mmoja. Basi watoto wakasikia sauti nene ikiimba kutoka bondeni:

*Nanusa, nanusa,*
*nanusa chuma kimelala!*
*Nanusa, nanusa,*
*mmoja anajua, mmoja hajui!*

Mzizi ukashuka kutoka juu ya mti, ukamzunguka Sengondo mguu. Hakuogopa. Alikuwa na kisu. Akachomoa, akapiga kwa nguvu zake zote.

Kisu kikakwama kwenye mzizi. Mpini ukabaki mkononi.

Sengondo akauangalia mpini. Akaona ndani yake kitu cha manjano, akakigusa kwa kidole, akakinusa. Mtoto wa mrina asali hakosei harufu hiyo. Akamtazama dada yake aliye chini. Hakupiga kelele, hakulia, hakutukana. Alisema tu:

"Dada, ni nta."

Mizizi ikamvuta, majani yakajifunga nyuma yake, na msitu ukanyamaza.

Nanzia akachomoa kisu cheusi akapiga mizizi iliyobaki. Kisu kimelala. Akapiga tena. Kisu kimelala. Akapiga huku analia. Kisu kimelala.

Basi akakimbia mpaka nyumbani.

"Mama! Zimwi limemchukua Sengondo!"

Mama akaja mlangoni. "Hakuwa na kisu?"

"Alikuwa nacho. Kimevunjika."

"Na hicho ulicho nacho ni cha nani?"

Nanzia akakitazama kisu. "Changu, mama."

Mama akakipokea, akakipima mkononi, akakirudisha. Akalia akisema, "Afadhali wewe ulijua kuchagua. Maskini mwanangu Sengondo, kwa nini hakuchagua kama dada yake? Ni kosa langu, sikumfundisha."

Hapo, wanangu, Nanzia aliona bora ardhi impasukie. Mama anamlaumu aliyechukuliwa, na anajilaumu mwenyewe, na mwenye kosa amesimama mbele yake anapewa sifa. Mdomo ukafunguka. Mdomo ukajifunga. Akatoka mbio kwenda kwa mhunzi.

"Babu, zimwi limemchukua Sengondo! Niamshie kisu hiki, kimelala!"

Mzee Mrutu hakuacha kuvuta mivuo yake ya kupulizia moto. "Kisu hicho ni cha nani?"

"Changu, babu."

Mzee akakitazama kisu alichokifua kwa mkono wake, akamtazama Nanzia.

"Kama ni chako, kitakukatia," akasema. "Nenda basi. Jua limeshavuka kichwa. Zimwi la mizizi humfunika mtu kuanzia miguuni, na jua likizama huwa limemfika puani."

Nanzia akangoja aambiwe neno lingine. Mzee akageukia moto wake.

Basi akarudi msituni, akashuka bondeni. Alilikuta zimwi limeketi, kubwa, la kijani, mgongo wake umeota kuvu. Nywele zake zimeingia ardhini pande zote. Na Sengondo alikuwa amesimama mbele yake, mizizi imemfunika mpaka kiunoni. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa ndani. Mkono mmoja ulikuwa nje.

Alimwona dada yake. Hakumwita.

"Karibu," zimwi likasema. "Nimekunusa tangu ulipotoka mjini. Njoo, kata. Sikuzuii. Ila niambie kwanza, kisu hicho ni cha nani?"

"Changu!" Nanzia akapiga kelele, akapiga mizizi. Kisu kimelala. Mizizi ikapanda ikafika kifuani.

Zimwi likacheka mpaka udongo ukamomonyoka. "Kisu hicho ni cha nani?"

Nanzia akajibu, "Ni... ni chetu. Chetu sote wawili. Tulibadilishana."

Akapiga. Kisu kimelala. Mizizi ikapanda ikafika shingoni. Sengondo akaanza kuhema kwa shida. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima cha pili, jekundu.

"Kisu hicho," zimwi likauliza taratibu, likifurahia, "ni cha nani?"

Nanzia akaacha kulitazama zimwi. Akamgeukia mdogo wake.

"Ni cha Sengondo," akasema. "Changu nilikivunja mwenyewe. Niliambiwa nisibandulie, nikabandulia. Nikakiziba kwa nta, nikakupa wewe, nikijua. Niliona haya ya kuchekwa. Na nilipokuwa nakupa nilisema yale maneno, Sengondo. Niliyasema huku najua. Na mama amekulaumu wewe, nami nikanyamaza."

Mkononi mwake kisu kikatetemeka. Ngiii! Kililia kama kilivyolia siku ile kwenye jiwe. Kikaamka.

Zimwi likaacha kucheka.

Nanzia angeweza kukata mwenyewe, lakini hakukata. Kisu hakikuwa chake. Akakigeuza, akakamata upande wa makali, akauelekeza mpini kwenye ule mkono wa Sengondo uliokuwa nje.

"Makali kwangu, mpini kwako."

Zimwi likaona mambo yameharibika. Likarusha mzizi, ukamshika Nanzia kiwiko, ukavuta. Angeachia kisu, kingemponyoka kianguke matopeni. Hakuachia. Akafumba kiganja juu ya makali. Mzizi ukavuta, damu ikatiririka mpaka kwapani, naye akashikilia, mpini ukimwelekea mdogo wake, "Pokea, Sengondo! Pokea!"

Sengondo akanyoosha vidole. Akaufikia mpini.

"Nimepokea," akasema. Hayo mengine hakuyasema.

Akakata kama alivyofundishwa, makali nje, mbali na mwili. Mzizi wa shingoni, kwacha! Mzizi wa kifuani, kwacha! Mzizi wa kiunoni, kwacha! Alipotoka akalirukia zimwi, akakata lile fungu nene la nywele la utosini. Zimwi likapiga yowe moja, likasinyaa, likasinyaa, likawa kisiki kama kisiki kingine chochote. Mpaka leo wachanja kuni hukikwepa.

Sengondo akachana kipande cha shuka yake, akamfunga dada yake kiganja. Alimfunga vizuri, asimwumize. Lakini hakumtazama usoni. Wakapanda mlima, yeye mbele, Nanzia nyuma.

Nyumbani Nanzia alimwambia mama yote, mbele ya majirani, bila kupunguza. Mama akamwomba Sengondo radhi kwa maneno aliyoyasema. Kwa Nanzia alisema tu, "Kula, uji upo."

Asubuhi Nanzia akaenda kwa mhunzi, kiganja kimefungwa.

"Babu, nifulie kisu kingine. Sasa nitashika, nitagonga, nitachungulia."

"Sikufulii," Mzee Mrutu akasema. "Ukihitaji kisu, muombe Sengondo."

Basi ikawa hivyo. Nanzia akitaka kukata kuni, "Sengondo, naomba kisu." Sengondo alikitoa kwenye ala, akakiweka chini, akarudi nyuma. Nanzia aliinama akaokota. Akitaka kukata mboga, "Sengondo, naomba kisu." Kisu chini. Nanzia aliinama akaokota. Msimu wa asali ukaja ukaenda, ukaja ukaenda, na siku zote kisu chini. Sengondo hakumkasirikia, walicheka pamoja, walikula pamoja. Lakini kisu aliweka chini. Na kila alipoinama, Nanzia aliona kovu la kiganja chake, akaliona bila mtu kumwonyesha. Hakulalamika. Alipomaliza kazi alikisafisha, akakipaka mafuta, akakiweka chini mbele ya mdogo wake, akarudi nyuma.

Siku moja, watoto hao wamekwisha kuwa watu wazima, walikuwa msituni kwenye mzinga ule ule wa zamani, wenye mfuniko uliogandamana. Sengondo alitaka kuubandua. Nanzia akamzuia.

"Hapana. Huu nitauwashia moshi, ulainike."

Akawasha moshi. Akakaa. Nyuki wakamuuma, akakaa. Jua likageuka, akakaa mpaka nta ilipolegea yenyewe, mfuniko ukatoka kwa kidole. Ndani palikuwa na masega meupe, mazima.

"Sengondo," akasema, "naomba kisu."

Akainama kabisa, maana alishazoea. Akanyoosha mkono kuelekea chini.

Chini hapakuwa na kisu.

Akanyanyua macho. Sengondo alikuwa amesimama pale pale, hajarudi nyuma. Ameshika upande wa makali, na mpini umemwelekea dada yake.

"Makali kwangu," akasema, "mpini kwako."

Nanzia alilia, wanangu. Alilia mpaka nyuki wakamwacha. Ndugu yake alingoja tu, mkono kwenye makali, hakuushusha. Ndipo Nanzia akaufuta mkono wake kwenye nguo, akaushika mpini taratibu, asimkwaruze hata unywele.

"Nimepokea," akasema. "Hujaumia."

Na hadithi yangu imeishia hapo, mkononi mwa Nanzia. Mwenye kuitaka aichukue, mwenye kuichoka aiache jikoni.

Mafunzo yake ni haya: ukiharibu kitu, sema umeharibu siku ile ile, kabla hujampa mtu mwingine kosa lako alibebe. Na usimpe mwenzio kisu ambacho wewe mwenyewe ungeogopa kukitegemea.

Haya, mihogo haijajimenya. Nakijwa, okota kisu. Mpe Togolai.

Hivyo sivyo. Geuza.

Ee. Na maneno yake?